Wanaokula Naye

Karani Rwezaura alikutana na mtoto wake mwenyewe njiani, akamuuliza ni mtoto wa nani.

Tusimcheke kabla hatujamsikiliza. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima vya Kaisho, na mtoto alikuwa amenyolewa kipara asubuhi ile kwa sababu ya mapunye. Karani naye alikuwa anatembea kwa miguu, baiskeli ameiacha kwa fundi, kichwa kimejaa kesi za watu waliosogezeana mipaka ya migomba. Akaona katoto kamejitwika kibuyu cha maji. Kakampisha, kakapiga goti kama kalivyofundishwa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa karani."

"Karani yupi?"

"Yule wa baiskeli."

Mtu mwingine hapo angeshtuka. Kamuli nzima, mwaka ule wa hamsini na mbili, ilikuwa na baiskeli tatu na karani mmoja. Lakini Rwezaura alikuwa amechoka. "Vema," akasema, "msalimie baba yako." Akatangulia kwa hatua zake ndefu, akafika nyumbani, akakuta chakula chake sebuleni kimefunikwa jani, akala peke yake, akalala. Nyuma yake Kemirembe, mwenye miaka sita, akaingia jikoni akatua kibuyu.

"Mawe," akamwambia mama yake, "kuna mzee njiani amesema nimsalimie Tata."

Eugenia alicheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi. Alimuuliza mzee huyo alivaaje, akaambiwa koti la kaki lenye kalamu mfukoni, akacheka tena. Kisha akakaa chini kwenye nyasi, na binti yake mkubwa, Placidia, aliyekuwa anamenya ndizi, akaona mama hacheki tena.

* * *

Haikuwa nyumba ya watu waliochukiana. Ilikuwa nyumba ya watu wasioonana. Rwezaura alitoka kwenda gombolola, ofisi ya tarafa, alfajiri, akarudi na giza. Egbert, kijana wao mkubwa, alichimba bati huko Kyerwa, akaja Jumamosi jioni na nguo za kufua. Eugenia alishinda shambani, na msimu wa kahawa alishinda kwenye mikeka, akigeuza buni na kufukuza mbuzi wa jirani. Mama mkwe wake, Kokubanza, alikuwa na mafiga yake matatu nyuma ya nyumba na chungu chake kidogo, kwa kuwa hakuamini mkono wa mtu mwingine kwenye chumvi. Aliyewalisha wote hao, kila mtu kwa saa yake, ni Placidia. Alikuwa na miaka kumi na saba na alipika kama aliyezaliwa na mwiko.

Jumapili iliyofuata, wakati wanarudi kutoka Misa, Eugenia alilitoa alilokuwa nalo.

"Kuanzia wiki ijayo, kila Jumapili tutakula pamoja. Wote. Jani moja."

Kokubanza akasimama katikati ya njia, watu wakalazimika kumzunguka. "Wote nani? Na wanaume?"

"Na wanaume."

"Weee! Tangu lini mwanamume akatazamwa kinywa na binti zake? Wakishaona anavyotafuna, nani atamwogopa tena?"

"Mama, simtafutii wa kumwogopa. Nawatafutia hawa watoto baba."

Rwezaura akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Mke wangu, gombolola wakisikia nakula jikoni na wanawake, wale wazee watanichangia khanga nijifunge."

"Watafute yenye maua," Eugenia akasema. "Utapendeza." Kisha akapunguza sauti, watoto wasisikie. "Juzi ulikutana na mtoto mwenye kipara njiani, ukamtuma akusalimie wewe mwenyewe."

Karani alikwenda hatua kumi. Ya kumi na moja akauliza, "Yule alikuwa Kemirembe?"

* * *

Jumapili ya kwanza ilikuwa msiba usio na maiti. Eugenia alitandika nyasi mbichi, akalaza majani ya mgomba mapana mawili, jani juu ya jani, na Placidia akamimina ndizi na maharage katikati, mvuke ukapanda hadi kwenye dari. Rwezaura alikaa upande upande, kama shahidi aliyeletwa na askari. Kokubanza alikaa amefumba macho ili asije akamwona mwanawe akimeza. Tonge likasikika linavyoteremka.

Kemirembe ndiye aliyeokoa jahazi. Alikuwa amekodoa macho kinywani kwa baba yake kwa muda mrefu, akitafiti.

"Tata," akasema, "una jino limeoza huko nyuma."

Egbert akapaliwa. Placidia akajificha uso kwenye bega la mama yake. Bibi alifumbua macho, akayafumba, akafumbua, na alipoanza kucheka hakuna aliyeweza kumtuliza. Tumbo lilimuuma mpaka kesho yake. Rwezaura akafungua kinywa, akainama mbele ya mtoto. "Lipi? Hili?" Na Kemirembe akaligusa kwa kidole chenye mchuzi wa maharage.

Jumapili ya tatu karani alifika jikoni kabla chakula hakijaiva. Aliwasimulia kesi ya mzee aliyemshtaki shemeji yake kwa kumwangalia ng'ombe vibaya. Akagundua kwamba Egbert anaimba besi, kwamba Placidia anaogopa radi lakini haogopi nyoka, na kwamba Kemirembe hula ndizi za pembeni kwanza na kuacha za katikati, wakati Placidia humchagulia laini na kumsogezea. Eugenia aliyatazama haya yote na moyo wake ukawa kama gunia lililoshindiliwa kahawa. Aliwaambia wanawake kisimani, "Mume wangu anajua watoto wake wanavyokula," na wao wakamtazama kama mtu aliyesema mume wake anajua kuruka.

Kitu kingine alichojivunia kisimani kilikuwa mikono ya Placidia. Hilo kila mtu alilijua. Wasichana wengine huinua chungu motoni kwa majani au kwa kitambaa, huku wanaruka ruka na kupiga kelele. Placidia alikishika hivi hivi, viganja vitupu, akakitua taratibu kama anayemlaza mtoto. "Hiyo ndiyo mikono ya mke mwenye nyumba," wazee walisema. "Huyo jiko limemkubali." Sifa ilivuka vilima. Ilifika Kaisho kwa kijana mmoja anayeitwa Yustus, mwenye kahawa nzuri na ng'ombe wanne, na shangazi yake Adelgunda akatuma salamu kwamba atakuja kumwona binti Jumapili ya sita, na angependa, tafadhali, kumwona akiwa jikoni.

* * *

Jumapili ya tano Placidia alinyoosha mkono juu ya jani kumsogezea Kemirembe ndizi, na mkono wa gauni ukapanda. Juu kidogo ya kifundo cha mkono palikuwa na baka lililopauka, upana wa jani la kahawa.

"Hilo ni nini?" Rwezaura akauliza.

"Jua tu, Tata. Haliwashi."

Haliwashi. Karani aliacha kutafuna. Wiki mbili nyuma waraka ulikuwa umefika gombolola, na yeye, kwa mwandiko wake mzuri unaosifiwa, aliunakili mara nane ili kila mkungu, yaani mkuu wa kijiji, apate wake. Baka lisilowasha. Kidole kisichosikia moto wala mwiba. Atakayeonekana na dalili hizo, jina lake liandikwe na apelekwe.

Chakula kilipokwisha alitoa kiko chake, akakaa kizingitini.

"Placidia, niletee kaa la moto."

Mtoto yeyote wa Kamuli ukimtuma kaa la moto atalileta juu ya kigae, au atalirusha rusha kiganjani mbio mbio. Placidia alikuja anatembea. Alikuwa amelishika kaa kati ya vidole viwili, anaongea na Egbert njiani, akasimama akamalizia sentensi yake, ndipo akaliweka kwenye kiko cha baba yake. Rwezaura alivuta mara moja. Kiko kikazimika, wala hakukiwasha tena.

Alimwambia Eugenia migombani, alasiri ile ile, akiwa amempa mgongo. Neno lenyewe alilisema mara moja tu, kwa lugha ya nyumbani: ebibembe, ukoma. Eugenia hakulia. Alishika mgomba uliokuwa karibu, akaanza kuuambua maganda makavu, gamba baada ya gamba, kama siku nyingine zote.

"Ni kwa sababu umeona mkono wake," akasema mwishoni. "Kama ningekuacha ule sebuleni, usingeuona."

"Ugonjwa ungekuwepo vile vile, Eugenia."

"Ungekuwepo. Lakini binti angebaki kuwa wangu."

Kokubanza alikuwa nyuma ya mgomba wa pili. Masikio yake hayakuwahi kuzeeka. Akatokea bila aibu. "Nani mwingine anajua? Hakuna. Basi fungeni vinywa. Jumapili watu wanakuja. Binti akishavuka mlango wa wenyewe, tutasema ugonjwa umeanzia huko."

"Mama!" Rwezaura akasema.

"Mama nini? Wewe karani utaliandika jina la mwanao kwa mkono wako? Liandike basi, tuone. Nani atakayemwoa huyu mdogo baada ya hapo? Nani atakayenunua kahawa iliyoanikwa uani kwetu?"

Wakamtazama Eugenia wote wawili, kama kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Naye, aliyekuwa na wiki nzima ya kusema hapana, alisema, "Apite huyo mgeni kwanza."

* * *

Adelgunda alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye macho yasiyo na haraka. Alikula kahawa mbili za kutafuna alizopewa, akasifu nyasi, akasifu migomba, akamuuliza Kemirembe nywele zake zimekwenda wapi. Eugenia alikuwa amempanga Placidia akae sebuleni, amevaa gauni la mikono mirefu, asifanye kitu ila kutazamwa.

"Mmh," Adelgunda akasema, "wanawali wa sanamu hata kanisani wapo. Mimi nimekuja kuona ile mikono. Mwanangu, kachukue chungu utupakulie."

Placidia akainuka na tabasamu. Alikuwa amengoja kuambiwa. Eugenia akasema, "Nitatua mimi, mgeni," lakini bibi naye alikuwa ameshasema, "Nenda, nenda, waonyeshe!" Wakaingia jikoni wote, Rwezaura nyuma kabisa, kofia mkononi.

Chungu kilikuwa kimechemka tangu wakati wa Misa. Moto ulikuwa wa mizizi ya mkahawa, ule usio na moshi, mwekundu kama jicho. Placidia alipiga magoti akanyoosha viganja vyake vitupu. Eugenia aliona vidole vile, vidole alivyovihesabu siku ya kwanza kama kila mama anavyohesabu, vinakwenda kwenye udongo wenye moto bila kusita hata kidogo. Vikashika. Ngozi ikalia, sauti ndogo kama ya tone la mafuta. Uso wa Placidia ulikuwa umegeuka kwa mgeni, unatabasamu.

Eugenia alimsukuma kwa bega. Akakidaka chungu kwa mikono yake mwenyewe. Alikishika kwa muda wa kusema Baba Yetu uliye, si zaidi, kisha akapiga ukelele na chungu kikaanguka kati ya mafiga, kikapasuka, ndizi na maharage vikasambaa majivuni. Akabaki amekunja viganja kifuani, analia kama mtoto.

Placidia aliwatazama: bibi yake aliyeinamisha uso, baba yake aliyegeukia ukuta, mgeni aliyefunika kinywa. Akajitazama viganja, ngozi imeanza kuvimba. Akamtazama tena mama yake, hajaelewa.

"Mawe, mbona unalia hivyo?" akauliza. "Kwani kilikuwa cha moto?"

Adelgunda hakutukana wala hakukimbia. Alichukua kikapu chake sebuleni, akaaga kila mtu kwa jina lake. Eugenia alimfuata mpaka kwenye mikahawa, viganja vimenyooshwa mbele kama mtu anayepokea kitu. Hapo mgeni akasimama.

"Mpelekeni kesho," akasema. "Siku hizi wana vidonge. Sisi mgonjwa wetu tulimficha miaka minane. Tulimficha vizuri sana." Akarekebisha kikapu. "Yustus hatakuja. Usimngoje."

* * *

Kesho yake, zahanati, Dresa Methodius alianza kwa kufunga mikono ya mama, ndipo akapima ya binti. Malengelenge yalikuwa yale yale. Mmoja alikuwa anauma midomo kwa maumivu, mwingine anatazama nje ya dirisha la zahanati, anaangalia kuku.

"Fumba macho," Methodius akamwambia Placidia. Akapitisha unyoya. "Nikikugusa, sema." Kimya. Akachukua pini. Kimya. Pini ikaingia, ikatoka na tone la damu, na Placidia akauliza kwa heshima, "Umeshaanza, Ta Methodius?"

Mtu huyu alikuwa mwema, hilo tumpe. Aliwaambia mmewahi, vidole vyote vipo, akinywa vidonge bila kukosa huenda ikawa miaka mitatu, huenda minne, huko kwenye kambi ya wagonjwa. Gari la misheni lingepita saa nane. Egbert, aliyekuwa ameacha zamu yake akaja na kisanduku cha dada yake kwenye baiskeli, alisimama mlangoni akizungusha kengele bila kuiliza. Kisha dresa akatoa karatasi.

"Jina tunalo. Umri tunao. Sasa hapa: wanaokula naye. Hao wote wanapimwa kila baada ya miezi mitatu, na mpaka wapite mara mbili hawaruhusiwi kazi za ofisi, wala sokoni, wala migodini. Ndiyo amri, siyo mimi."

"Mimi," Eugenia akasema. "Na mama mkwe wangu. Na Kemirembe."

Kalamu ikaandika.

"Na mimi," Egbert akasema. "Tunakula pamoja kila Jumapili."

"Kijana, machimboni watakuweka nje."

"Niandike. Niko hapo, upande wa kulia kwake."

Kalamu ikaandika. Methodius akainua macho, akamtazama Rwezaura, mtu mwenye kalamu mwenzake, aliyesimama amenyooka ndani ya koti lake la kaki. Sauti yake ikawa ya urafiki.

"Karani, wewe sina haja ya kukuuliza. Najua wanaume wa kwetu. Gombolola itamweka nani mezani kwako nusu mwaka mzima? Na akishakaa, atainuka? Mwanamume hali na binti zake. Nikiacha nafasi yako wazi, hakuna atakayeuliza."

Eugenia alimgeukia mume wake. Alingoja. Ilikuwa kazi ndogo: neno moja, kama alilosema Egbert. Aliona kofia inazunguka mikononi mwake, mara moja, mara mbili. Alijua anahesabu nini, maana yeye mwenyewe alikuwa anahesabu: Egbert hana kazi kuanzia leo, kahawa haina mnunuzi, nyumba nzima imebakiwa na mshahara mmoja. Alijua, na bado alingoja.

Aliyesema ni Placidia. Alisema haraka, kama anayedaka kitu kisianguke.

"Tata hali na sisi. Tata hula sebuleni, peke yake. Hajawahi kula na sisi hata siku moja."

Akamtazama baba yake, akatikisa kichwa kidogo sana, vile mtu mzima anavyomkataza mtoto kusema mbele za watu. Rwezaura akafungua kinywa. Methodius akangoja kidogo, kalamu juu ya karatasi. Kinywa kikafungwa.

Dresa akapiga mstari chini ya jina la Egbert, akakausha wino.

* * *

Gari lilipita saa tisa badala ya saa nane. Kokubanza, aliyesema haji, alikuja, akiwa amefunga chumvi yake mwenyewe kwenye kipande cha jani la mgomba, akampa mjukuu wake bila kumgusa, kisha akamgusa. Placidia alipanda nyuma, akakaa juu ya kisanduku. Aliwaambia wasisahau kwamba Kemirembe hapendi maharage magumu.

Jumapili ikaja, kwa sababu huja tu. Eugenia alitoka Misa kabla ya wengine. Hakuweza kumenya kwa mikono ile iliyofungwa, kwa hiyo Egbert alimenya, mwanamume mzima na kisu cha jikoni, na hakuna aliyemcheka. Nyasi zikatandikwa. Jani likalazwa. Harufu ya ndizi ikatoka mpaka uani, ambako kahawa ilikuwa imelala kwenye mikeka, haina mtu wa kuiulizia.

Rwezaura aliegesha baiskeli, akavua viatu mlangoni pa jikoni, akainama kuingia. Eugenia alikuwa amesimama mbele yake na sinia, amelibeba kwa vigasha, si kwa viganja, chakula cha mtu mmoja kimefunikwa jani.

"Chako kiko hapa," akasema. "Nakipeleka sebuleni."

"Leo si Jumapili?"

"Ni Jumapili."

"Eugenia." Akajaribu kutabasamu, ikashindikana. "Si tulisema tutakula wote?"

"Tulisema." Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Lakini mwanao amesema hujawahi kula naye hata siku moja. Imeandikwa, na wino umekauka. Mimi sitamfanya mwanangu mwongo."

Akampita, akaweka sinia juu ya meza ya sebuleni, akarudi. Karani alisimama na soksi zake kati ya milango miwili. Kisha akaenda akakaa. Ukuta ule ulikuwa wa fito na udongo, mwembamba, na kila kitu kilipita: mwiko kwenye chungu, kikohozi cha mama yake, Egbert anauliza nani akae wapi.

"Mawe," sauti ya Kemirembe ikasema, "tukamwite Tata?"

Karani alisubiri jibu, jani la kufunikia chakula likiwa mkononi mwake.

"Kula, mwanangu," Eugenia akasema. "Kinapoa."